Taifodi ya Absalom

Benchi la wagonjwa katika kliniki moja ya Mugutha, mtaa wa Ruiru, huketi watu saba wakibanana, na watu wa Mugutha wanajua kubanana. Lakini Jumatatu hiyo walikuwa wameketi sita, na wengine wanne wamesimama wakiegemea ukuta, mmoja wao mama mjamzito aliyevimba miguu. Katikati ya benchi, baina ya fundi wa mabomba na msichana mwenye kikohozi, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Nekesa alitoka chumbani kuchukua glavu, akaiona nafasi hiyo, akaudhika.

"Mama, mbona umesimama? Si ukae hapo?"

"Kuna mtu," mama mjamzito akajibu.

"Ameenda wapi?"

Mama aliitazama nafasi, akaitazama miguu yake, kisha akamtazama Nekesa kama mwanafunzi aliyesahau jibu alilokuwa nalo sasa hivi. "Si kuna mtu tu, daktari," akasema, akajisogeza mbali kidogo.

Nekesa hakuwa na nguvu ya kubishana. Tangu asubuhi alikuwa ameona wagonjwa ishirini na sita peke yake. Kwa vyeti vyake hakuwa daktari, alikuwa afisa wa kliniki, ila Mugutha yeyote mwenye koti jeupe na mwandiko usiosomeka ni daktari, na cheo hicho cha bure huja na kazi ya madaktari watatu. Alichukua glavu zake akarudi ndani. Nafasi ile ilibaki wazi Jumatatu nzima, na Jumanne pia.

Kliniki yenyewe ilikuwa duka la zamani lililogawanywa kwa mbao nyembamba, upande mmoja mapokezi na upande wa pili chumba cha daktari. Wagonjwa wengi hawakuwa hata wa Mugutha. Mtu wa Thika akipata ugonjwa wa aibu hapandi ngazi za kliniki ya Thika, ambako atakutana na jirani yake. Huja Ruiru. Na wa Ruiru huenda Thika. Hupishana njiani kila mmoja ameinamisha kofia, na mara nyingi wanaojificha kutoka mtaa mmoja hukutana uso kwa uso kwenye benchi lile lile, wakaulizana habari ya mvua.

Kwa ajili yao Nekesa alikuwa na desturi yake. Faili za wagonjwa zilikaa mapokezi, na yeyote angeweza kuchungulia. Basi kila ugonjwa usiotajika aliuandika kwa neno moja: taifodi. Ukweli aliuweka kichwani. Kwa hesabu ya faili zile, Mugutha ingekuwa imeshafungwa na serikali kwa mlipuko wa taifodi. Kila mgonjwa alijua, kila mgonjwa alinyamaza, na kila aliyekalia kiti cha plastiki chumbani mwake aliambiwa maneno yale yale: "Utakachosema hapa kitabaki hapa." Nekesa aliyasema hata akipiga miayo.

Wiki saba nyuma alikuwa amemwambia hayo Absalom.

Absalom alikuwa dereva wa basi la shule ndogo ya binafsi hapo Mugutha, kijana mpole wa Webuye aliyemwita Nekesa dada kwa sababu walitoka upande mmoja. Alikuwa ameanguka bafuni mara mbili, akazinduka amejing'ata ulimi na suruali imelowa. Nekesa alimtuma Nairobi kupimwa kichwa, na majibu yakarudi hayana utata. Ni kifafa. Akampa tembe, akamwambia aache kuendesha gari kabisa mpaka itimie miaka, si miezi, bila kuanguka.

"Kabla nianguke huwa naskia harufu ya mpira ikichomeka," Absalom alisema siku hiyo, machozi yakimtoka. "Hiyo harufu ndio inaniambia. Nikiiskia naweza egesha. Dada, aki usiniseme. Nyumba yote iko juu yangu, hapa na kule nyumbani. Nitawaambia mwenyewe. Nipee tu wiki mbili."

Nekesa alijua vizuri afanye nini. Alijua sheria na miiko ya kazi yake inasema nini pale siri ya mtu mmoja inapohatarisha maisha ya watu wengine. Alijua namba ya simu ya Nzioka, mwalimu mkuu wa ile shule. Lakini ilikuwa saa kumi na moja jioni, kichwa kinamgonga, na nje kuna wagonjwa tisa. Akaandika taifodi.

Wiki mbili zikaisha. Absalom hakusema kitu, na Nekesa hakuuliza.

Na kila asubuhi Mitchell, dada wa mapokezi, alimpandisha binti yake Maxine kwenye basi hilo, kisha akaja kazini, akamtengenezea Nekesa chai ya tangawizi, akaiweka mezani na kusema, "Kunywa dokta, unakaa umechoka." Na Nekesa akaipokea na kuinywa.

Jumatano ya wiki ile ya benchi, saa nane mchana, Nekesa alikuwa anakula githeri chumbani kwake, mlango umefungwa, mdomo umejaa. Alisikia kwanza harufu. Akadhani kuna mtu anachoma matairi nyuma ya plot, akainuka kufunga dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa. Kisha akasikia sauti ya mwanamke inasema taratibu, kama anayesoma:

"Njau. Kisonono. Mara ya pili tangu Januari. Anaomba mke wake asijue."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Uchovu ule ule, hata kile kikohozi kidogo anachokohoa kabla ya kutaja ugonjwa. Nekesa aliacha kutafuna.

Nje mtu alipiga ukelele. "Ngai! Njau gani? Njau wangu?"

Mke wa Njau alikuwa pale benchini. Njau mwenyewe, mwenye duka la mbegu Thika, mpokea sadaka kanisani, alikuja Ruiru ili mkewe asijue. Na mkewe alikuwa amekuja Ruiru ili Njau asijue, kuchomwa sindano ya kupanga uzazi ambayo Njau aliikataza. Kama hapangekuwa na uchungu ndani yake, mtu angecheka.

"Mke wake naye hudungwa sindano ya miezi mitatu," sauti ikaendelea. "Mume wake hajui."

Mke wa Njau aliondoka analia, viatu mkononi. Mitchell akasukuma mlango wa Nekesa, uso umemkauka.

"Dokta, mbona umesema hivyo mbele ya watu?"

Nekesa alifungua mdomo kumwonyesha githeri. Alimeza kwa shida. "Sikusema. Nilisikia ikitoka huko kwako."

"Kwangu?" Mitchell alinong'ona. "Dokta, ilikuwa inatoka huku kwako."

Wote wawili wakaugeukia ule ukuta wa mbao. Ulikuwa mwembamba kama kidole gumba, hauwezi kuficha hata panya, na harufu ya mpira unaoungua ilikuwa inatokea humo.

Siku iliyofuata ndiyo iliyomwaga kila kitu. Ilikuwa mchana tena, jua kali la Ruiru limejaa mlangoni, na benchi lina watu sita na ile nafasi yao. Sauti ilianza chini chini, ikitaja mtu wa Juja na dawa anazomeza, msichana wa Githurai 45 na mimba aliyoitoa, mzee wa kanisa na kidonda chake, ikienda kwa mpangilio wa tarehe jinsi Nekesa alivyowaona, bila hasira na bila haraka, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Nekesa alitoka mbio hadi mapokezi akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili ili watu waone si yeye, na watu wakaona si yeye, na hapo ndipo walipoogopa kweli kweli, kwa sababu sauti iliendelea kuwa yake, ikawageukia waliokaa pale pale, ikamtaja fundi wa mabomba aliyerudi kwa dawa, ikamtaja msichana mwenye kikohozi na kikohozi chenyewe ni cha nini, na kila aliyetajwa aliinuka akakimbia bila kuchukua mkoba, mpaka akabaki Mitchell amechuchumaa nyuma ya meza yake na vidole masikioni, na Nekesa amesimama katikati ya chumba machozi yakimpitia vidoleni.

Ndipo alipogundua jambo. Sauti ilikuwa imefika kwenye siku ile, wiki saba nyuma. Ikamtaja mgonjwa wa kumi na tisa. Ikanyamaza. Pakasikika mlio wa koo, mlio mnene wa mtu anayemeza kitu kitamu na hataki kugawa. Kisha ikamtaja wa ishirini na moja.

Wa ishirini alikuwa Absalom.

"Dokta," Mitchell alisema baadaye, wakiwa wamekaa nje juani kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa ndani. "Hii si kitu ya kumeza Panadol. Kuna mama mmoja Thika, huko Majengo. Anaitwa Mwanaharusi. Alisaidia cousin yangu."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Mitchell."

"Hata cousin yangu."

Jumamosi Nekesa alikwenda. Alijifunga leso hadi kwenye nyusi, na alipofika Majengo akageuka nyuma mara tatu kuangalia kama kuna anayemjua. Akajiona jinsi anavyofanana na wagonjwa wake, akaona haya.

Bi Mwanaharusi alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyepokea watu sebuleni kwake nyuma ya pazia la maua. Alimkaribisha kwa chai, akazima redio, akasikiliza yote bila kumkatiza. Nekesa alipofika kwa mgonjwa wa ishirini, mama yule akainua mkono.

"Hapana. Usinitajie jina wala ugonjwa. Mimi hainihusu."

Nekesa akashangaa.

"Unadhani ni nyinyi tu wenye siri?" Bi Mwanaharusi akacheka kidogo. "Mwanangu, nusu ya watu wa Thika wamelia katika kiti hicho ulichokalia. Haya, niambie. Siri zote huyo jini amezitoa?"

"Isipokuwa hiyo moja."

"Basi hapo ndipo anapoishi. Wengine hukaa visimani, wengine vyooni. Huyu hukaa mahali palipotakiwa neno, na neno halikusemwa. Ameingia humo akapapenda. Hizo siri nyingine anazitupa nje jinsi mtu anavyotoa vyombo vya mwenyewe akihamia nyumba."

"Ni huyo mgonjwa amemleta? Kwa ugonjwa wake?"

"Ah, hapana!" Mama akakasirika. "Ugonjwa ni ugonjwa, mpe dawa zake. Nimewakatazia watu hapa kila siku kusingizia majini maradhi ya hospitali. Huyu hakuletwa na mgonjwa. Ameletwa na kimya chako. Nijibu: ukinyamaza, kuna mtu ataumia?"

Nekesa aliangalia kikombe. "Watoto. Ishirini na mmoja."

Nje mtu alikuwa anauza samaki kwa sauti. Bi Mwanaharusi akamshika Nekesa mkono.

"Sikiliza. Utaisema, lakini hutaitangaza. Ukiitangaza benchini umemfanyia jini kazi yake. Kwanza mwenyewe, machoni pake, ajue unakwenda kusema. Kisha yule anayeweza kuzuia, na mwenye mtoto ukimkuta hapo. Basi. Mwingine yeyote, hapana."

"Na dawa?"

"Nitakufukizia ubani ulale leo. Ubani hautamtoa. Na ujue atakukaba hapa," akamgusa kooni. "Sauti yako anayo yeye sasa."

Jumatatu Nekesa alimpigia Absalom aje kabla ya safari ya mchana. Alikuja saa saba, sare imenyooshwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amenenepa kidogo. Ilionekana dawa zinamkubali, na hilo lilifanya mambo kuwa magumu zaidi.

"Absalom, leo naenda kwa mwalimu Nzioka."

Alielewa mara moja. "Ulisema itabaki hapa."

"Nilisema. Nilikuahidi kitu ambacho hakikuwa changu cha kuahidi. Nilipaswa kukwambia siku ile ile."

"Dada, sijaanguka hata mara moja. Wiki saba! Ngoja tu shule ifunge."

"Na ile harufu? Hujaisikia tena?"

Absalom alianza kubandua kucha. "Alhamisi mchana," akasema kwa sauti ndogo. "Pale karibu na Kimbo. Nikaegesha. Nikafunga macho nikahesabu mpaka mia. Ikaenda. Watoto hata hawakujua, walikuwa wanaimba."

Nekesa akahesabu siku. Alhamisi mchana. Saa ile ile sauti ilipokuwa inapanga majina kliniki.

"Leo usiendeshe. Nakuomba kama dada yako."

"Nikikataa leo wataniuliza kwa nini." Akainuka. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka kama yeye. "Fanya vile utafanya. Lakini mimi nina watoto wananingoja geti," akasema, akatoka.

Nekesa alichukua simu akapiga shule. Mwalimu mkuu alipokea mwenyewe.

"Mwalimu Nzioka, habari. Ni Nekesa wa kliniki. Ni kuhusu dereva wenu. Ana taifodi."

Alishtuka. Hilo silo alilotaka kusema. Akajaribu tena, akilisukuma neno lenyewe kwa nguvu zote, na ulimi ukajikunja wenyewe mdomoni kama ulimi wa mtu mwingine.

"Ana taifodi."

"Woi, pole yake," Nzioka akasema. "Si mmempa dawa? Ameingia sasa hivi, anaonekana mzima. Wacha nipange watoto." Simu ikakatika.

Ukutani mtu alicheka, kicheko kifupi cha uchovu. Kicheko cha Nekesa.

Alitoka mbio. Mitchell akainuka mezani. "Dokta, uko sawa? Nini mbaya?"

Nekesa alifungua mdomo amwambie mtoto wako, Mitchell, mtoto wako, na kilichotoka kilikuwa, "Taifodi. Taifodi." Machozi yakamtoka kwa woga na kwa hasira. Akamshika Mitchell mkono akamvuta, na Mitchell, aliyeona uso ule, hakuuliza tena, alivua viatu vyake vya kisigino akamfuata.

Wakakimbia kando ya barabara ya vumbi, wakapita mabanda ya mitumba na nyumba za ghorofa zisizoisha kujengwa. Koti jeupe la Nekesa lilipepea na watu wakapisha wakidhani mtu anajifungua.

Basi lilikuwa getini, injini inanguruma, watoto wamo ndani. Walikuwa wamesongamana watatu watatu kwenye viti vya nyuma, Maxine amebanwa dirishani na mkoba wake mapajani, na kiti cha mbele kando ya dereva, kile ambacho watoto hukigombania kila siku mpaka wanapigana, kilikuwa kitupu, na hakuna mtoto aliyekitazama. Absalom alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Mwalimu Nzioka alikuwa anafungua geti.

"Mwalimu!" Nekesa alimkamata mkono. "Dereva ana taifodi!"

"Umeshaniambia, daktari." Nzioka alimwangalia kwa wasiwasi, kisha akamwangalia Mitchell asiye na viatu. "Kwani inaambukiza hewani?"

"Ana taifodi," Nekesa akasema, na moyoni alikuwa anapiga kelele neno jingine, "ana taifodi, ana taifodi," na kila aliposema harufu ya mpira ilizidi kuwa nzito mpaka macho yakamwasha, na kutoka ndani ya basi, kutoka kile kiti cha mbele, akaisikia sauti yake ikisema kwa upole ule anaoutumia kwa wagonjwa wenye hofu, twende Absalom, nani atajua, daktari mwenyewe ameandika taifodi, twende tu, na akaona mkono wa Absalom unashuka kwenye gia, na geti linafunguka, na Maxine amemwona mama yake anapunga mkono kwa furaha, na barabara kuu iko mita mia mbili mbele imejaa malori ya mawe.

Neno la kifafa halikutoka. Basi Nekesa akaacha kulisukuma. Alikuwa amechoka mno kupigana. Akasema kitu kingine, ambacho hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Bi Mwanaharusi, hata yeye mwenyewe.

"Mimi sikunyamaza kwa sababu ya kiapo," akasema.

Sauti ilitoka imekwaruza, lakini ilikuwa yake. Kwenye basi yule mwingine akakatiza maneno.

"Nilijua natakiwa niseme. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka tu aondoke chumbani nimwone anayefuata, na kila siku baada ya hapo nilichoka tena. Nikaiita siri ya mgonjwa. Ilikuwa uvivu wangu." Akasogea karibu na Nzioka, akashusha sauti mpaka wakaisikia yeye na Mitchell tu. "Mwalimu, Absalom ana kifafa. Ametumia dawa na anapata nafuu, lakini hawezi kuendesha gari. Watoe watoto. Usimtangaze."

Nzioka hakuuliza swali la pili. Alilifunga geti akasimama mbele ya basi, mikono juu.

Absalom alimtazama Nekesa kupitia kioo. Walitazamana muda mrefu kuliko ilivyopendeza. Kisha injini ikazimika. Akashuka, akampa mwalimu ufunguo, akakaa chini kwenye nyasi kando ya ukuta, magoti kifuani. Hakuanguka. Hakuna kilichotokea. Hakuna hata mtoto mmoja aliyejua walikuwa wameepushwa na nini, na walishuka wakinung'unika kwamba sasa watatembea.

Mlango wa mbele wa basi, upande wa kile kiti, ukafunguka wenyewe ukajifunga. Msichana mmoja mdogo alirudi nyuma haraka kana kwamba mtu mzima amempita bila kuomba njia. Upepo ukaja na vumbi la kawaida la Mugutha, na harufu ikaisha.

Nekesa aliketi kando ya Absalom. Akamwahidi kwamba dawa zake zisingekatika, na Absalom akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Wiki ile ile alihamia Ngoliba kwa mjomba wake anayelima nyanya. Huja mara moja kwa mwezi, huchukua tembe zake, husema asante, na neno dada hajalitumia tena.

Pale getini, Mitchell alikuwa amempakata Maxine, ingawa mtoto alishazidi kupakatwa na alikuwa analalamika.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki saba."

Mitchell alihesabu, midomo ikicheza. Akatoa siku za mapumziko ya katikati ya muhula. "Siku thelathini na mbili," akasema. "Nimempandisha hapo siku thelathini na mbili, kisha nakuja nakuchemshia chai. Na unaniangalia unasema asante Mitchell."

"Mitchell, nisamehe."

Mitchell alimchukua mtoto akaenda naye nyumbani, bado hana viatu.

Jini hakurudi. Nekesa alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na Jumanne benchi lilikaliwa na watu saba. Waliotajwa majina hawakuonekana tena, wakatafuta mtaa mwingine wa kujificha, lakini Ruiru watu hawaishi kuhamia, na wapya hawakujua habari. Mitchell naye alirudi kazini kwa sababu ana kodi ya nyumba na mtoto. Aliita nambari, alipanga faili, alimjibu Nekesa kila alichoulizwa cha kazi. Chai hakutengeneza. Nekesa aliacha kuandika taifodi, akanunua kabati lenye kufuli, na kila mgonjwa mpya sasa alimwambia maneno marefu zaidi: kitabaki hapa, isipokuwa kama kunyamaza kutamuua mtu.

Karibu mwezi mmoja baadaye, asubuhi, alikuwa anaosha mikono akasikia sauti mbili nyuma ya mbao. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mgeni, aliyenong'ona kwa hofu. Nekesa alikuwa amemwona akiingia, jicho moja limevimba, miwani ya jua usoni na hakuna jua.

"Dada, nikuulize. Huyu daktari wenu, anaweza kuweka siri?"

Nekesa alifunga bomba ili asikie.

"Anaweza sana," Mitchell akasema. "Hiyo ndio shida yake."

Kisha akamfungulia mama yule mlango.